Datsun 240Z ya rali niliyoachiwa na baba mdogo: nitaitoaje Mafinga mpaka Mbeya kwa barabara ya kawaida?

Mwana_wa_Mufindi aliandika:

Kamwene wakuu, naombeni mawazo yenu maana hili jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Baba yangu mdogo alitutoka mwaka jana, Mungu amlaze pema, na familia ilipokaa kikao mimi nikaachiwa gari yake. Gari yenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, ile ya milango miwili yenye boneti ndefu, alikuwa anakimbizia rali ujana wake yeye na rafiki yake, halafu maisha yakabana akaipaki kwenye banda la mabati huku Mufindi. Mara ya mwisho kuwaka ilikuwa 2004. Nimeitoa, nimeiosha siku mbili nzima maana vumbi lilishageuka udongo, nimemwaga oili yote nikaweka mpya, betri mpya, petroli nikaweka kwenye kidumu cha lita tano nikaunganisha mpira moja kwa moja kwenye pampu, nikapiga stata mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikawaka. Wakuu ile sauti! Mama mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi una ugali bado, akasimama mlangoni hakusema neno, machozi tu yanamtoka. Kanga nzima ililowa. Toka siku hiyo nimesema hii gari haiuzwi na hairudi bandani.

Sasa hali ilivyo. Ndani ina keji ya chuma, yale mabomba ya kukinga watu gari ikipinduka, viti viwili vya mashindano, mikanda ya pointi nne, vioo vya milango ni plastiki ngumu imefubaa, kapeti hakuna, bomba la moshi limenyooka halina sailensa. Kabureta ni Weber tatu, kila moja ina midomo miwili. Tairi zina meno mazuri kabisa kama mpya. Kadi ya gari ipo, jina la marehemu, na kibati cha namba bado ni cha zamani kile cha TZ.

Mimi kazi yangu ipo Mbeya mjini na gari ipo Mufindi. Sitaki kuipandisha kwenye lori, nataka niiendeshe mwenyewe mpaka Mbeya halafu niwe naitembeza wikiendi, Tukuyu, Chunya, Kyela huko. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema gari ya mashindano hairuhusiwi barabarani kabisa, mwingine anasema weka mafuta uende. Na jingine, nikiizungusha hapa kijijini inakohoa kohoa, inamisi, plagi nikifungua nyeusi tii kama chungu. Nianzie wapi?

Soweto_Mbeya_83 alijibu:

Pole na msiba mkuu. Mimi ningekuwa wewe ningeuza, hizo 240Z nje wanazitafuta sana na bei yake si ya mchezo, ukiuza unapata Crown safi na kiwanja Iwambi kinabaki. Barabara yetu hii unaijua mwenyewe, siku lori likiifinya hutapata mlango wala taa ya kurudishia. Ni maoni yangu tu.

Fundi_Uyole alijibu:

Mwanangu pole kwa kumpoteza baba. Nimefungua injini za Datsun toka nikiwa kijana wa kushikia spana, kwa hiyo nitakuandikia kwa kirefu, soma taratibu na usikurupuke kuingia barabarani kabla hujamaliza.

Shika hili kwanza kabla ya yote. Gari ya mashindano imetengenezwa ikimbie ikiwa ya moto na kila ikisimama kuna watu wanne wanaikagua chini juu. Wewe utaiendesha ikiwa ya baridi, polepole, nyuma ya semi, peke yako. Watu wanadhani hatari ya gari hizi ni mwendo mkali, mimi nakwambia hatari yake kubwa ipo kwenye mwendo mdogo. Karibu kila kitu kinachokusumbua hapo kinatokana na hilo.

Anza na breki. Pedi za mashindano zinashika zikishapata moto, zikiwa za baridi ni kama unakanyaga ubao. Kuna mteja aliniletea gari ya rali hapa gereji mwezi wa saba, unaijua baridi ya Uyole mwezi wa saba, saa moja asubuhi nikaitoa kuijaribu, mita mia tu kutoka getini kuna zebra na watoto wa shule wanavuka. Nilikanyaga mapema, mapema kabisa, na gari ikaendelea kwenda. Ilisimama nimeshapita mstari wa kwanza na mtoto mmoja wa kike ana begi la bluu ananiangalia usoni kupitia kioo. Nilizima gari pale pale, nikaisukuma na vijana mpaka gereji, sikuiwasha tena mpaka pedi zote zimetoka. Kwa hiyo wewe usipeleleze hizo pedi zako ni za aina gani, toa, weka za kawaida za barabarani. Nyuma 240Z ina dramu, fungua, silinda za pale baada ya miaka yote hiyo zitakuwa zimeganda au zinavuja, na mipira yote ya breki badilisha hata kama inaonekana nzima kwa macho. Mafuta ya breki mwaga yote. Yanafyonza unyevu hewani, mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanachemka kwenye nyuzi 230 lakini yakishalewa maji inashuka mpaka 155, na hayo yako yamekaa toka 2004, ukishuka mlima mmoja tu mrefu pedali inazama mpaka chini.

Tairi. Umesema meno kama mapya na hapo ndipo watu wanapofia. Angalia ubavuni mwa tairi kuna maandishi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza wiki na mbili za mwisho mwaka, 2403 maana yake wiki ya 24 mwaka 2003. Ukikuta tarakimu tatu tu ujue ni ya kabla ya 2000. Mpira unakauka hata ukiwa umekaa, unachanika ukiwa kwenye mwendo. Rimu zako zitakuwa inchi 14, tafuta 195/70 R14, inaingia bila kugusa.

Sasa hiyo kukohoa. Mufindi mpo juu, Mafinga ni kama mita 1,900 na Mbeya mjini kama 1,700, hewa ni nyepesi, petroli inayotoka kwenye jeti, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, ni ile ile lakini hewa imepungua, ndiyo maana plagi zinakuwa chungu. Injini isiyo na tabo huku kwetu inapoteza kama asilimia 15 hivi ya nguvu, usishangae. Kwenye Weber dawa yake ni kubadilisha jeti uweke ndogo, unashuka hatua moja moja, unaendesha, unafungua plagi unasoma, ukipata rangi ya kahawia ya biskuti umefika. Lakini Weber tatu ni jeti sita za mafuta na sita za hewa, na kuzipatanisha zote zivute sawa ni kazi ya siku mbili kwa mtu anayejua. Swali langu kwako: kwenye hilo banda hakuna boksi lenye kabureta mbili za duara juu zinafanana na chungu kidogo? Gari hii ilitoka kiwandani na kabureta mbili za Hitachi za aina ya SU. Kama zipo, mwanangu umepata dhahabu, zile kupunguza petroli ni kuzungusha nati ya chini tu, zote mbili kwa kiasi sawa, basi. Weber zipake mafuta uzifunge kwenye nguo uziweke.

Plagi zenyewe soma namba. Kama ni za kampuni ya NGK na umekuta B8 au B9 hizo ni za baridi, za injini inayokimbia mizunguko mingi muda wote, kwenye foleni ya mizani ya Makambako zitakufa. Weka BP6ES, ndiyo ya kiwandani.

Maji nayo. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta ukiwa umelegea gari inachemsha mapema kuliko ungekuwa Dar pamoja na joto lake lote. Nunua mfuniko mpya. Na gari nyingi za mashindano walitoa feni kuokoa nguvu, angalia kama ipo.

Usiogope kuhusu petroli isiyo na risasi, silinda hedi yako ni ya alumini ina siti za valvu za kupachikwa, inavumilia. Vipuri navyo si shida kama unavyodhani, injini yako ni L24, mdogo wake L28 alikuwa kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya themanini, pampu ya maji, oili pampu, disibuta, vingi vinaingia. Ila gasketi ya hedi kuwa makini, L24 silinda ni milimita 83 na L28 ni 86, usichanganye.

Nimechoka kuandika, vijana watamalizia. Tangi la mafuta tutaongea.

Semi_Tunduma alijibu:

Mimi ni dereva wa semi, Dar Tunduma na kurudi, mwaka wa kumi na sita huu. Hizo za injini mwachie mzee hapo juu, mimi nikuambie tunavyokuona sisi toka juu. Hatukuoni. Paa la hiyo gari linaishia juu kidogo tu ya tairi yangu, ukikaa nyuma yangu karibu au ubavuni kushoto mimi kwenye kioo sina kitu, na nikipiga kona au nikikwepa shimo nakuja upande wako kwa roho safi kabisa bila kujua kuna mtu pale. Taa washa mchana kutwa. Kaa nyuma mpaka wewe uone vioo vyangu vyote viwili, hapo na mimi nakuona. Ukitaka kuovateki piga honi, subiri nikupe indiketa, halafu pita moja kwa moja usining'inie ubavuni.

Siku nenda Jumapili. Usitoke Mafinga alfajiri, ukungu wa Sao Hill unaujua na kuna malori ya nguzo na mbao yanatoka njia za msituni taa moja au hana kabisa, subiri saa tatu jua lishike. Mafinga Makambako barabara inaenda vizuri. Toka Makambako unateremka kwenda Igawa, hapo ndipo utazijua breki zako, shuka na gia nzito toka juu, usisubiri katikati ndipo uanze kutafuta gia. Chimala, Igurusi ni tambarare ya Usangu, joto, na vijiji vimeshikana, vibao vya 50 kila mahali na tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo. Halafu Inyala na Mlima Nyoka. Pale nimewazika wenzangu wawili. Lori likifeli breki pale halina pa kwenda, kwa hiyo usimame kabisa pembeni kabla ya mlima, angalia joto la maji, kunywa soda, ngoja nafasi, kisha panda ukiwa na uwazi mbele yako na nyuma yako. Usipande katikati ya malori mawili. Hata kama una haraka ya namna gani usipande katikati ya malori mawili.

Toka Nsalaga kuingia mjini mpaka Ifisi kuna ujenzi wa njia nne, mara upande huu mara ule, vumbi na kokoto, gari ya chini kama yako nenda pole.

Dada_wa_Rungwe alijibu:

Kaka pole sana kwa msiba. Mimi nina Ford Escort ya 1973, Mk1, ya baba, nayo ilikuwa ya rali, naiendesha Tukuyu mwaka wa tano sasa, kwa hiyo hayo unayopitia nayajua.

Keji. Naomba nikuambie hili kwa uzito wote. Ile keji imewekwa kwa mtu aliyevaa helmeti. Wewe utakuwa kichwa wazi na bomba la chuma lipo sentimita chache kutoka kwenye sikio lako. Mimi nilikuwa narudi kutoka Kiwira, mwendo arobaini haifiki hamsini, bodaboda akakatiza na mikungu ya ndizi, nikakanyaga breki nikakwepa, sikugonga mtu wala kitu, gari nzima. Ila kichwa changu kiligonga bomba la pembeni juu ya mlango. Nyuzi saba. Damu ilikuwa inaingia machoni nikawa siwezi kuona usukani, yule kijana wa bodaboda ndiye aliyenifungulia mlango na kunifunga kichwa kwa kitambaa chake. Kama ningekuwa kwenye sabini nisingeandika hapa leo. Sasa hivi nimetoa mabomba ya mbele yote, nimebakiza upinde wa nyuma ya viti, na nao nimeuvika sponji ngumu ile ya kazi hiyo, usiweke ya godoro maana inabonyea yote unagonga chuma kama kawaida. Mabomba niliyotoa nimeyahifadhi, yalifungwa kwa boliti. Kama yako yamechomelewa kwenye bodi tafuta fundi mzuri wa kuchomelea, usikate ovyo.

Na mikanda ya pointi nne ukijifunga vizuri huwezi hata kuinama kuangalia kama barabara ina gari kwenye makutano, na ukiilegeza haina maana tena. Weka ya kawaida ya pointi tatu. Na mikanda ya zamani uzi wake umeoza hata kama rangi ipo.

Makaratasi: usiende barabarani na kadi yenye jina la marehemu. Familia iteue msimamizi wa mirathi, mwende mahakama ya mwanzo mkapate barua ya usimamizi, halafu ndiyo TRA wabadilishe umiliki na namba uhamie kwenye hizi za T. Peleka gari ikaguliwe, wataangalia namba ya chesisi na ya injini, kwa hiyo kwangua kutu mapema zisomeke. Mimi hapo nilipoteza miezi miwili kwa sababu namba ya injini ilikuwa imepakwa rangi na mtu. Bima nayo, kampuni ya kwanza niliyoenda walinipa bima ndogo na kuniambia gari ya 1973 haina thamani, kwamba ikipotea hakuna cha kulipwa. Nilitoka pale nimeumia. Nikatafuta kwingine, nikapiga picha kila upande, nikaleta risiti zote za vipuri, wakaleta mthamini wao, wakaniandikia thamani tuliyokubaliana nikapata bima kubwa. Usikubali neno la kwanza.

Trafiki wamenisimamisha mara nyingi, wengi wanataka tu kuona injini. Ila bila sailensa, bila indiketa, bila taa ya breki hapo ni faini elfu 30 na wana haki. Weka sailensa kaka, hata bibi zetu vijijini wanahitaji kulala.

Mwakibete_Coventry alijibu:

Ugonile dada Rungwe, nimefurahi kusoma mtu wa nyumbani.

Mimi ni wa Busokelo, naishi Coventry huku Uingereza, na nimekuja kwa sababu ya hilo swali la kwamba gari ya mashindano hairuhusiwi barabarani. Hapa mji huu kilikuwepo kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane. Walikuwa na gari za mashindano za D-type, zile zilizoshinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa 1955, 1956 na 1957, wakabaki na miili ya ziada haijauzwa. Wakafanya nini? Wakaziongezea mlango wa pili, kioo kamili cha mbele, kiti cha abiria, bampa, sehemu ya kufungia mzigo nyuma, wakaziita XKSS wakaziuza zitembee barabarani. Tarehe 12 Februari 1957 kiwanda kikashika moto, zikatoka 16 tu. Yaani kiwanda chenyewe kilikaa chini kikafanya hayo hayo mnayomwambia huyu ndugu afanye, kuongeza vitu vya barabarani. Na kuna Porsche 917, gari ya Le Mans haswa, tajiri mmoja wa Italia Count Rossi aliiwekea ngozi ndani na sailensa mwaka 1975, akapata namba za Alabama kule Marekani, akaitoa kiwandani Stuttgart akaiendesha mwenyewe mpaka Paris.

Huku gari iliyopita miaka 40 haidaiwi ukaguzi wa kila mwaka wala ushuru wa barabara kama haijabadilishwa sana, na jumapili za kiangazi unakutana nazo tu njiani zinaenda kunywa chai. Italia kuna Mille Miglia, kuanzia 1927 mpaka 1957 ilikuwa mbio za kweli kwenye barabara za wananchi, Stirling Moss 1955 alimaliza maili elfu kwa saa 10 dakika 7, halafu 1957 gari likaingia kwenye watazamaji likaua na watoto, ikafungwa. Toka 1977 imerudi lakini si ya kukimbizana tena, ni ya kutunza muda, na gari zile zile za zamani zinasimama kwenye taa nyekundu kama mabasi.

Lakini gari yako wewe ina asili nyingine kabisa na ndicho kilichonifanya niandike. 240Z ilishinda rali ya Safari ya Afrika Mashariki 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mwaka ule Mehta alilingana pointi na Harry Källström ikabidi waangalie nani alikaa muda mrefu zaidi bila kupata adhabu. Na kabla yao 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland aliyekuwa anaishi Tanzania, na Peugeot 404. Safari ile barabara haikufungwa. Walikuwa wanapishana na mabasi, ng'ombe, wamama na kuni, matope mpaka magoti. Kwa hiyo 240Z ya rali si sawa na gari ya kuzungukia uwanja wa lami, ilijengwa kwa ajili ya barabara kama hizo zenu, chini imeinuliwa, springi ndefu, tangi kubwa. Ukiiendesha Makambako kwenda Igawa unairudisha nyumbani kwake. Usiiuze, tafadhali.

Mwana_wa_Mufindi alijibu:

Wakuu sijui niwashukuruje. Nimesoma kila neno mara mbili, nyingine nimemsomea mama mdogo.

Mzee wangu Fundi shikamoo. Nimeenda bandani jana na tochi ya simu nimepekua mpaka nyuma ya magunia ya mbolea. LIPO. Boksi la mbao limeandikwa kwa rangi nyeupe KIWANDANI, mwandiko wake kabisa wa herufi kubwa, ndani kuna kabureta mbili za mviringo zimefungwa kwenye shati, feni ya plastiki, mikanda miwili ya kawaida na vioo vya milango vya kweli vyote viwili, kimoja kina ufa kidogo pembeni. Na sailensa. Yaani yule mzee alivitoa vyote akavitunza. Shati lenyewe mama mdogo amelikumbuka, amelichukua.

Tairi nimesoma. Tatu zina tarakimu tatu tu. Ya nne ni 0901. Nimezitoa zote nimeiweka gari juu ya magogo ili nisije nikashawishika. Plagi ni B8ES kama ulivyosema mzee.

Dada nimepima keji, nikikaa kutoka sikioni mpaka kwenye bomba ni upana wa ngumi yangu. Imefungwa kwa boliti, inatoka.

Kaka wa semi, kwenye Mlima Nyoka nitafanya kama ulivyosema, na pole sana kwa wenzako. Kaka wa Coventry, sikujua yote hayo, nilijua tu kwamba baba mdogo alikuwa akitaja jina la Mehta tunanyamaza wote.

Mzee, ulisema tangi tutaongea. Lina mfuniko mkubwa wa boliti juu na ndani ukitingisha unasikia kama kuna kitu laini kinacheza.

Fundi_Uyole alijibu:

Marahaba mwanangu. Huyo baba yako mdogo alikuwa mtu. Fundi anayetunza alichokitoa ni mmoja kati ya ishirini.

Hilo tangi ni lile la mashindano, ndani wanaweka sponji ili petroli isirukeruke na isilipuke kirahisi gari ikipinduka. Sponji ile ina umri wake, ikizeeka inasagika inakuwa kama unga wa muhogo uliolowa, inapita kwenye bomba inaziba chujio, inaziba kabureta, unazimikiwa katikati ya mlima na lori lipo nyuma yako. Usiweke hata lita moja humo. Fungua ule mfuniko, toa sponji yote kwa mkono, vaa glavu, nje kwenye hewa, mbali na jiko la mama. Ukiona ukuta wa ndani umepasuka au unanata, tangi limekwisha, tutafute la kawaida au tutengeneze la bati. Mipira yote ya petroli kuanzia nyuma mpaka mbele ni mipya, na klempu mpya, usibakize hata kipande. Hizi gari hazifi kwa ajali, zinaungua kwa mpira wa shilingi elfu tatu. Mtungi wa kuzimia moto ufungwe pale mkono unapofika ukiwa umejifunga mkanda, usiutupe nyuma.

Silinda za breki za nyuma ukizifungua nipigie picha uweke hapa, nitakwambia kama zinasafishika au tunanunua ripea kiti, yaani mipira mipya ya ndani. Makaratasi ya mirathi anza kesho maana hayo ndiyo yatachukua muda kuliko injini.

Halafu tufanye hivi. Ukishamaliza breki, tairi na tangi, usije Mbeya moja kwa moja. Zungusha hapo hapo Mufindi kilomita ishirini, simama, gusa rimu zote nne kwa mkono, ile yenye joto kuliko wenzake ina breki inayong'ang'ania. Kesho yake kilomita arobaini. Ukifikisha mia tatu bila kukudai kitu ndipo upange Jumapili yako. Nitapanda basi Jumamosi nije Mafinga nirudi na wewe, nitakaa kiti cha pili na boksi la spana miguuni. Nauli juu yangu. Hizo kabureta zije kama zilivyo kwenye boksi, usizifungue wala usizisafishe na petroli, tutazifunga pamoja pale pale kwa mama mdogo.

Mwana_wa_Mufindi alijibu:

Mzee nimeshindwa kuandika. Mama mdogo anasema chumba cha wageni kipo na kuku anamfuga kuanzia leo.